Kijani Juu ya Shaba

Betri iliyoua mashine nyingi za flipa, ule mchezo wa gololi wa kwenye baa, haikuwa na kazi yoyote katika mchezo wenyewe. Gololi ya chuma ingerushwa, taa zingewaka na pointi zingehesabiwa bila betri hiyo kutoa umeme hata kidogo, maana kazi hizo zote hufanywa na umeme wa ukutani. Betri iliwekwa ili mashine ikizimwa usiku isisahau mambo mawili: alama za juu kuliko zote zilizowahi kufikiwa na mchezaji, na hesabu za michezo ambazo mwenye mashine angetaka kuzisoma. Kampuni ya Bally ya Chicago ilipoanza mwaka 1977 kuuza kwa wingi flipa zinazoendeshwa na chipu badala ya relei na swichi tupu, ililehemu betri ya nikeli na kadimi, ya volti 3.6, palepale kwenye pembe ya bodi kuu. Gottlieb, nao wa Chicago, walifanya vivyo hivyo. Williams walitumia betri tatu ndogo za kununua dukani, nazo wakaziweka juu ya bodi. Mlinzi wa kumbukumbu akalazwa kitanda kimoja na kile anachokilinda.

Mashine ikichezwa kila siku, betri hiyo ya kulehemiwa hujazwa kila inapowashwa, na inaweza kukaa miaka bila kuleta matata. Shida huanza siku mchezo unapokoma. Baa imefungwa, mwenyewe amehama, flipa imesukumwa ghalani na kufunikwa turubai. Betri inajimaliza polepole, haijazwi tena, inazeeka, mihuri yake inalegea, na majimaji yaliyomo, haidroksidi ya potasiamu, yanaanza kutambaa. Hayangoji kudondoka. Hupanda juu ya miguu ya vipuri, hufuata waya, huingia ndani ya soketi za chipu, hupita chini ya rangi ya kijani inayofunika bodi na kuendelea na safari humo, mahali ambapo jicho halifiki. Hewa ikiyagusa huwa unga mweupe. Yakikaa juu ya shaba, unga huo huingia rangi ya bluu na kijani. Njia za shaba kwenye bodi ya namna hiyo kwa kawaida zina unene wa mikromita 35 hivi, pungufu ya unywele wa mtu. Hazina mwili wa kuvumilia kuliwa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mashine hizi hazikuuawa na wachezaji waliozipiga makofi na kuzitikisa kwa hasira. Nyingi zilistahimili hayo yote. Zilikufa katika miaka ambayo hakuna aliyezigusa, na jambo hilo limenikaa rohoni kwa sababu ninaishi mahali panapolijua vizuri.

Fungurume haikujengwa na flipa. Ni mji wa shaba, kwenye barabara kuu namba 39 inayotoka Likasi kwenda Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vilima vyake vilijulikana zamani kwa upara wake: udongo wenye shaba nyingi hukataa miti, ukabakiza nyasi na maua machache yaliyozoea sumu hiyo, likiwemo lile ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Wahunzi wa kale wa nchi hii hawakuhitaji mashine ya kupima. Walitazama kilima kisicho na miti, wakachimba jiwe la kijani, malakiti, wakaliyeyusha kwa mkaa ndani ya matanuru ya udongo wa kichuguu, na wakamimina misalaba ya shaba iliyosafiri mbali sana na hapa.

Malakiti ni shaba iliyoungana na hewa ya ukaa na maji. Kijani kinachoota kwenye bodi ya flipa iliyovujiwa na betri ni cha ukoo huohuo. Nilipoelewa hivyo niliacha kukiona kama uchafu. Ni shaba inayorudi njia iliyotoka. Ilichimbwa ikiwa kijani, ikasafishwa hadi ikawa nyekundu, ikavutwa nyembamba na kugandishwa juu ya ubao, na sasa, baada ya miaka ya kuachwa gizani, inageuka kuwa jiwe tena. Shaba haina uaminifu kwa umbo tulilolipa. Inabaki chuma kwa muda ule tu tunaoilinda na maji, hewa na chumvi.

Kazi ya fundi anayesafisha bodi hizo na kazi ya kiwanda kikubwa kilicho nje ya mji wetu zinashabihiana kuliko watu wanavyodhani. Tangu Machi 2009, shaba ya mgodi wa Tenke Fungurume imekuwa ikitolewa kwa njia ya majimaji: mawe husagwa, unga wake huogeshwa kwa asidi ya salfuriki, asidi inaichukua shaba na kuiacha taka, kisha umeme huigandisha upya kuwa mabamba mekundu. Kobalti hutengwa ikiwa haidroksidi na kufungwa magunia. Fundi mezani pake hana asidi ya salfuriki, ana siki ya jikoni aliyoichanganya na maji nusu kwa nusu, na mswaki wa zamani. Siki ni asidi dhaifu; ikikutana na nyongo ya betri hutoa povu, na povu likiisha anajua kwamba ukali umetulizwa. Kile kijani nacho huyeyuka na kuondoka na siki. Anasuuza kwa maji safi, anapitisha spiriti, anakausha. Asidi ile inayotoa shaba katika jiwe kwa maelfu ya tani ndiyo, kwa jamaa yake mpole, inayoivua bodi ujiwe wake.

Siwezi kuandika neno asidi nikiwa huku nikaishia kwenye siki. Malori ya asidi yanapita barabara hii usiku na mchana, na mwezi Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, lori moja lilipata ajali na kumwagia watu mzigo wake. Walikufa watu wapatao 20. Mabamba mengi ya shaba yanayoondoka Lualaba yamepitia kimiminika hicho, na kimiminika hicho kimepita mbele ya milango ya watu.

Nirudi mezani. Kanuni ya kwanza ya kutafuta ubovu katika bodi iliyovujiwa ni kutoiwasha, jambo linalowashinda wengi, kwa kuwa mtu aliyeletewa mashine hutamani kwanza kuona kama itaamka. Majimaji ya betri hupitisha umeme. Ukiwasha, unaweza kupeleka volti mahali pasipostahili na kuua chipu iliyokuwa imepona. Betri hukatwa na kutolewa kabla ya kingine chochote. Kisha huja kuosha, kisha kukwangua, na hapo subira ya fundi hupimwa. Rangi ya kijani ya bodi hukwanguliwa polepole kwa msasa laini hadi shaba ing'ae. Palipo peusi chini ya rangi, panafuatwa. Ukiacha kipande cheusi kwa sababu kinaonekana kidogo, utakuwa umefunika kidonda chenye usaha: umeme utapita leo, na mwakani utakatika. Soketi zote za eneo hilo hung'olewa hata kama juu zinapendeza, kwa vile ulimi wa shaba uliomo ndani yake umeshaliwa. Na yako yale matundu madogo yanayounganisha uso wa juu wa bodi na uso wa chini, yaliyopakwa chuma kwa ndani. Hayo ndiyo wasaliti wakubwa. Kwa macho ni mazima. Ukiweka mita upande huu na upande ule, sindano haitikisiki.

Kwa hiyo fundi hupima kila njia, mwanzo hadi mwisho, moja baada ya nyingine, na palipokatika anavusha waya mwembamba. Hakuna njia ya mkato ninayoijua kwa kazi hii. Kuvuja huanzia mahali pamoja, lakini dalili yake huzuka mbali: namba za kioo cha pointi zinakufa, au kitufe cha kuanzia hakijibu, na anayetafuta karibu na dalili anaweza kukesha bure.

Waliotengeneza bodi ya Bally walimwachia fundi msaada mmoja ambao nauhusudu sana. Waliweka juu yake kitaa kimoja chekundu, na wakaifundisha bodi kujikagua kila inapowashwa na kutoa ripoti kwa kupepesa. Kwanza hutoa mpepeso mfupi wa kuamka. Kisha hupepesa mara moja kuonyesha kwamba chipu zenye maagizo ya mchezo ni nzima. Mara ya pili, kumbukumbu ya muda. Ya tatu, ile kumbukumbu inayolindwa na betri. Ya nne na ya tano, chipu mbili zinazoongea na taa, swichi na koili. Ya sita, kipima muda cha vioo. Na ya saba, kwamba umeme wa kusukumia koili umefika. Ukihesabu minne kisha kimya, unajua pa kwenda. Kitaa kikiwaka na kubaki vilevile bila kupepesa, mara nyingi ni ile sehemu inayomruhusu prosesa kuanza kazi, nayo ndiyo iliyo jirani na betri, ndiyo inayoliwa mwanzo. Mpepeso wa saba hauwezi kuonekana bodi ikiwa mezani na umeme mdogo wa majaribio. Unahitaji transfoma ya mashine yenyewe, na hivyo fundi huibeba bodi akiwa na sita mkononi na kwenda kuutafuta wa saba ndani ya kabati la mashine.

Bodi nyingi hazina adabu hiyo. Redio inayoletwa kwa fundi wa Fungurume haimwambii kitu. Na redio, tochi, taa za jua na spika ndogo ndizo zinazojaa kwenye meza yake, kwa sababu nyumba nyingi za huku bado zinaishi kwa betri. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilikamilishwa mwaka 1982 ikaishia Kolwezi kuwahudumia wenye migodi, na njiani ikapita juu ya vijiji ambavyo haikuvishushia hata balbu moja. Ukiwa chini ya nyaya hizo, unanunua betri sokoni.

Mama mmoja huweka redio mezani. "Papa, redio hii ilikuwa nzima kabisa. Tangu msiba wa mume wangu sikuifungulia. Niliiweka kabatini."

"Pole sana, Mama. Betri zilibaki ndani?"

"Zilibaki."

Fundi anafungua mlango wa betri na kuchungulia kabla hajashika siki, na sababu ya kuchungulia ni ya maana. Betri nyingi za bei nafuu hazina nyongo ya potasiamu. Ni za zinki na kaboni, na kopo lake la zinki ndilo linaloliwa likizalisha umeme, hivyo likitumika hadi mwisho, au likikaa mno, hutoboka lenyewe na kutoa uji wenye asidi. Anayepaka siki hapo anaongeza asidi juu ya asidi. Uji huo hutulizwa kwa magadi ya kupikia yaliyoyeyushwa katika maji. Betri za alkali, ambazo ni ghali zaidi, ndizo zinazodai siki. Na betri kubwa za risasi zinazounganishwa na mabamba ya jua zina asidi ya salfuriki ileile ya malori, zinaacha ukoko wa samawati kwenye vichwa vyake, nazo zinadai magadi. Asiyeuliza ni betri gani iliyovuja ataosha kwa bidii na kuharibu kwa bidii.

Redio ya zamani ikishafunguliwa, kuna kitu kingine ndani yake kinachohusu nchi yetu. Nyuma ya kipaza sauti huwa na sumaku. Hadi miaka ya sabini vipaza sauti vingi vilitumia sumaku ya alniko, ambayo ndani yake mna kobalti. Mwezi Mei 1978 vita vilifika Kolwezi, watu wengi wakauawa, uchimbaji ukasimama, na bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa. Watengenezaji wa vipaza sauti wakakimbilia sumaku za feriti, zile nyeusi nzito, na wengi hawakurudi nyuma. Fundi anayeshika sumaku nyeusi ya redio iliyotengenezwa baada ya hapo ameshika alama ya Mei ile, ingawa haikuandikwa popote juu yake.

Miaka hiyo ya flipa za kwanza za chipu, Fungurume yenyewe ilikuwa imeachwa. Mradi mkubwa wa kuchimba Tenke na Fungurume ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya sabini na makampuni ya nje pamoja na dola ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ukasimamishwa mwaka 1976. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na reli inayotoka Tenke kuelekea bandari ya Lobito ilikuwa imekatwa na vita vya Angola. Shaba ilikaa ardhini kwa zaidi ya miaka thelathini nyingine bila kudhurika, maana jiwe halina haraka. Mji ndio ulioliwa. Upande wa Kolwezi, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 ilishuka hadi sehemu ndogo tu ya hizo miaka ya tisini, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na vipuri na mishahara kukauka. Pampu zisipowashwa, maji hupanda mgodini. Shule na hospitali zilizotegemea kampuni zilichakaa zikiwa na milango wazi. Hakuna bomu lililohitajika.

Ninafahamu kwamba miji haivuji kama betri, na sitaki mtu asome vifo na njaa ya miaka ile kama mfano wa kupambia habari ya bodi. Ninachosema ni kitu chembamba zaidi. Tumezoea kuhesabu madhara ya matumizi: vumbi, kelele, ajali, mto uliobadilika rangi. Madhara hayo ni ya kweli, na hapa Fungurume tunayapumua. Lakini yapo madhara ya aina nyingine, ya kitu kilichojengwa na kemikali ndani yake kisha kikafungwa na mwenyewe akaondoka, na hayo huwa hayana siku ya kuanza ambayo mtu anaweza kuipeleka mahakamani.

Nje ya Kolwezi, mabaki ya kiwanda cha kuchuja yalimwagwa kwa miongo mingi Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Ni tope lililobaki baada ya wakati wake kuchukua shaba na kobalti uliyoweza kuchukua. Lilikaa hapo, mvua ikalisomba. Siku hizi linavutwa upya na kupelekwa kiwandani, kwa kuwa kobalti iliyomo sasa inalipa, na betri za simu na magari zinaitaka. Mto unasafishwa kwa kadiri tope lake lilivyo na bei. Ninashukuru kwamba tope linaondoka. Ninajiuliza pia kuhusu matope yasiyo na kobalti ya kutosha, ambayo hakuna hesabu itakayomrudisha mtu kuyatazama, na kuhusu vilima vya Fungurume siku jiwe lake la mwisho litakapopita kwenye asidi. Leseni za uchimbaji zina tarehe ya mwisho. Mabwawa ya taka hayana.

Kwa flipa, wanaozitunza walishapata jibu, na ni rahisi kiasi cha kutia uchungu ukifikiria bodi ngapi zilipotea. Betri haiwekwi tena juu ya bodi. Kishikio chake huunganishwa kwa waya mrefu na kufungwa chini kabisa ndani ya kabati, ili ikivuja imwagikie mbao. Anayetumia betri ya lithiamu isiyojazwa huongeza dayodi moja, ili mashine isijaribu kuijaza na kuipasua. Wengine huachana na betri kabisa wakaweka chipu ya kumbukumbu isiyohitaji umeme kukumbuka. Lakini waliobaki na betri huandika kwa kalamu ya wino, juu ya kishikio, mwezi na mwaka iliyowekwa, kwa ajili ya mtu atakayefungua kabati hilo baadaye, ambaye huenda wasimjue.

Fundi wa Fungurume naye amefanya hivyo kwa namna yake. Redio ya yule mama imerudishiwa springi mpya za betri, waya mmoja umevushwa, kipaza sauti kinasema. Betri mpya amezifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga kwa kamba kwenye mpini wa redio.

"Mama, ukitaka kusikiliza, zitie. Ukimaliza, zitoe. Hata kama kesho utasikiliza tena."

"Kila siku, Papa?"

"Kila siku."